Gari Halijaambiwa

Vijana wangu wa mtaa, ninyi mnaokuja kupiga picha mmeegemea gari langu kana kwamba mmelinunua ninyi, nimesikia mnavyonicheka. Mnasema mzee wa watu kila asubuhi anatoka na kikombe cha chai, anasimama mbele ya boneti, anaamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka," kisha anasubiri kidogo kama mtu anayetegemea kuitikiwa. Ni kweli. Nalisalimia. Jioni nasema "Mwadila." Na hiyo ya kusubiri kidogo nayo ni kweli. Kaeni hapo kwenye matofali niwaeleze, ila msiiguse taa ya kushoto.

Kwanza nijicheke mwenyewe kabla yenu. Miaka yangu ya mshahara niliimalizia stoo, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikigawa beringi na mikanda ya mashine kwa watu wanaojua kazi. Kidato cha nne changu kilinitosha kusoma namba za vipuri. Kusafiri sipendi. Mwanza yenyewe nimekwenda mara za kuhesabika, na kila mara nilirudi kabla kiti changu hapa barazani hakijapoa. Sasa mtu wa namna hiyo akistaafu hununua mbuzi. Mimi nikanunua gari la spoti: milango miwili, la Kijapani, kongwe, rangi yake nyekundu imefifia kama nyanya iliyosahaulika juani, limekaa chini kiasi kwamba bata akivuka barabara inabidi umsubiri kwa heshima.

Mke wangu, Mama Limi, alilizunguka mara moja akiwa na ungo mkononi.

"Baba Limi, hili linakimbia?"

"Sana."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Nikajifanya nafuta kioo.

"Basi umenunua mbwa wa kuwinda," akasema, "umfunge hapa mlangoni alinde kuku."

Nililikuta kule Maswa, Nyalikungu, kwenye gereji ya Fundi Doto. Huyo ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, na yale nisiyoyajua ni yale aliyosema nikiwa nimesinzia. Doto ana sikio moja zima. Hilo moja hulitia kwenye mpini wa bisibisi ndefu, ncha ya bisibisi akaigusisha kwenye injini, akafumba macho kama mganga, kisha anakwambia, "Vali ya tatu." Mnapanua mdomo, lakini jaribuni. Chuma huongea kupitia chuma. Simu yenu haitawaambia hivyo.

Lile gari lilikuwa limekaa pale misimu miwili ya pamba chini ya turubai.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikamuuliza.

"Alisafiri," Doto akasema. Akafuta mikono. "Alilileta kubadilisha gasketi. Akaligonga boneti hivi, akaliambia, 'Nasafiri, nitakuja kukuchukua.' Akapanda basi la Mwanza kazini kwake. Huko akaugua. Ndiyo hivyo."

Marehemu aliitwa Luhende. Dada yake, Ngolo, mama wa makamo, alikuja kutoka Bukundi, kule Meatu, kusaini karatasi za mauzo. Alisaini upesi, mgongo ameligeuzia gari. Alipofika getini akarudi hatua mbili.

"Taa zake bado zinafumba?"

"Zinafumba," nikasema.

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Taa zenyewe mnazijua. Zimelala ndani ya boneti kama macho ya mtu aliyesinzia. Ukibonyeza swichi, vifuniko vinanyanyuka na macho yanatoka. Ndicho kilichonifanya nilinunue, nisiwafiche. Mzee mzima nimependa gari kwa sababu linakonyeza.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana ni kosa la mtu wa Simiyu tu. Mtu wa mahali pengine asingekuwa na nafasi ya kulifanya. Nilifungua kabureta niisafishe. Doto alikuwa ameniambia, "Futa kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi." Mimi nikatazama nyumbani kwangu. Nyumba nzima ni pamba: pamba kwenye gunia, pamba dirishani, pamba kwenye nywele za Mama Limi. Nikachukua donge moja la pamba, safi, jeupe, la shambani kwangu mwenyewe, nikafutia kabureta ndani mpaka ikang'aa. Nikajisifu.

Nikatoka kulijaribu. Na njia yangu ya kujaribia ni moja tu, kwa sababu mimi ni mtu wa njia moja: barabara ya Ngulyati, kwenda na kurudi. Gari likaenda vizuri, sauti tamu, mpaka mahali penye ua mrefu wa minyaa upande wa kushoto, wenye pengo dogo la kupita watu. Pale likazima. Halikukohoa. Lilizima taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Nikafungua boneti, nikatazama, nikakuna kichwa. Baada ya nusu saa nikawasha, likawaka. Nikarudi nyumbani nikasema ni joto.

Wiki iliyofuata likazima palepale, kwenye pengo lilelile. Safari hii kando ya pengo palikuwa na kigoda, kimeelekezwa barabarani. Sikuona mtu. Nikakalia kigoda cha watu nikisubiri, nikashukuru moyoni.

Mara ya tatu nilikwenda nimebana meno. Lilipokaribia ua nikakanyaga mafuta, nikaliambia, "Leo hapana." Likazima. Kigoda kilikuwepo. Juu yake palikuwa na bakuli la maji ya kunawa, limefunikwa kwa sahani. Nikainua sahani, nikatia kidole.

Maji yalikuwa ya vuguvugu.

Vijana, maji ya vuguvugu hayajiweki. Kuna mtu alikuwa ameyapasha muda mfupi uliopita, kwa ajili ya mtu anayemjua atafika. Nikaangalia ndani ya ua: kibanda kimoja cha nyasi, paa limebonyea katikati, mlango wazi, giza ndani. Hakuna kuku, hakuna mbwa. Nikaita, "Hodi." Kimya. Lakini kimya kile kilikuwa cha mtu aliyenyamaza. Hakikuwa cha nyumba isiyo na mtu. Nikalisukuma gari kwa mikono yangu mpaka nilipopita ua wote, nami ni mtu ambaye nyumbani huagiza kuletewa kijiko.

Kesho yake nilikuwa kwa Doto. Akafungua kabureta, akachomoa kwa sindano, kutoka kwenye kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, uzi mmoja mweupe. Akauvuta, ukaja. Akauvuta tena, ukaja.

"Ulifutia nini?"

"Pamba."

"Ya dukani?"

"Ya shambani."

Doto akacheka mpaka akaketi kwenye tairi. Kisha akanieleza, na hili mliweke kichwani: nyuzi zilizobaki huelea kwenye petroli, zinavutwa kidogo kidogo, zikijaa kwenye kitundu injini inakosa mafuta, inazima. Ukisubiri zinaachia, gari linawaka. Kwa kuwa nilitoka mahali pamoja, kwa njia moja, kwa mwendo uleule wa kizee, lilikuwa linazima mahali pamoja.

"Kwa hiyo ni pamba tu," nikasema.

"Ni pamba tu."

"Na maji ya vuguvugu, nayo ni pamba?"

Akaacha kucheka. "Hayo," akasema, "siyo ya gereji."

Siku hiyohiyo nikamwomba anichomelee bomba la eksozi la asili, lile la Luhende lililofunguliwa wakati wa gasketi likabaki stoo kwa fundi. Mimi sitaki makelele kama yenu. Nilitaka lilie kama lilivyozaliwa. Na likalia. Sauti nene, ya chini, yenye kukwaruza kidogo mwishoni kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Nikapita Ngulyati bila kuzima. Kwenye kioo cha nyuma nikaona mtu amesimama kwenye pengo la ua, mwanamke mzee sana, mkono mmoja hewani. Hakuwa ananipungia. Alikuwa anapapasa hewa, kama anayetafuta ukuta.

Sikupita tena kwa muda. Nikasema gari linahitaji kupumzika. Aliyehitaji kupumzika mnamjua.

Ndipo jicho likaanza.

Saa kumi jioni, mimi nipo barazani, gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni, nikasikia mota ndogo: zzzii. Kifuniko cha taa ya kushoto kikanyanyuka. Cha kulia kimelala. Likabaki hivyo, jicho moja wazi, limeelekea barabara ya Ngulyati. Baada ya muda: zzzii, likafumba. Kesho yake saa kumi, tena. Kesho kutwa, tena. Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao.

"Linamkonyeza nani?" Mama Limi akauliza.

"Jua la saa kumi linapiga boneti upande ule," nikamjibu kitaalamu. "Kuna kirelei, swichi ndogo ya mota, kina ufa kwenye risasi ya kuungia. Kikipata joto kinagusana, mota inazunguka."

"Sawa, fundi. Lakini halitukonyezi sisi."

Nikathibitisha, na ninyi mkiwa na tatizo la umeme fanyeni hivyohivyo: badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nikafunika upande ule kwa gunia bichi. Saa kumi ikapita, jicho kimya. Nikaondoa gunia, jicho likafumbuka. Nikashangilia. Relei mpya ikaagizwa Mwanza, na wakati nikiisubiri nikachomoa fyuzi ya mota nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Hapo nikafanya kosa la pili: niliichomoa jicho likiwa wazi. Kwa hiyo likabaki wazi. Kuna kitasa kidogo cha kufumba kwa mkono, lakini kilikuwa kimeshikwa na kutu. Nikagonga, nikatia mafuta, nikatukana; hakikuzunguka. Siku kadhaa, usiku na mchana, gari langu likatazama Ngulyati kwa jicho moja. Nikipita na kikombe cha chai nilikuwa napita nyuma yake.

Katika siku hizo ndipo Ngolo alipokuja. Hakuingia ndani. Alisimama pale mlipo, akalitazama lile jicho, akatazama chini.

"Baba Limi, nimekuja kukuomba. Usipite tena Ngulyati. Au upite mara moja ya mwisho."

"Ngulyati kuna nini, dada?"

"Kuna mama yetu."

Akanieleza. Mama yao, Mayu Nkwimba, ndiye mwenye ule ua wa minyaa. Macho yameingia ukungu, haoni. Baada ya Luhende kuzikwa alikubali kwenda kuishi Bukundi kwa Ngolo. Mzigo wake ulishafungwa kwenye kiroba. Kisha siku moja akasikia gari linakuja, likazima mlangoni. Akafungua kiroba.

"Paa la kile kibanda haliwezi kubeba mvua za mwaka huu," Ngolo akasema. "Nimeliona kwa macho yangu, boriti imeoza. Namwambia mama litakuangukia. Ananiambia siwezi kuondoka, kuna anayekuja."

"Anadhani mimi ni Luhende?"

"Angedhani hivyo ingekuwa rahisi. Njoo umsikilize mwenyewe."

Nikaenda. Saa kumi ilitukuta njiani, Ngolo amekaa kushoto kwangu kimya, jicho wazi mbele yetu. Injini nilikuwa nimeisafisha mimi na Doto mpaka tone la mwisho. Nilizima mwenyewe kwenye pengo la ua, na nilizima haraka, nisije nikatanguliwa.

Mayu Nkwimba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mdogo, mkavu, fimbo mapajani. Bakuli la maji lilikuwa chini pembeni.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Wewe ndiye unayelikamua hili?"

Nikamtazama Ngolo. Ngolo akanong'ona, "Anauliza nani analitunza."

"Ni mimi, mayu."

"Unalitunza vizuri. Linalia kama alivyoliacha." Akageuza uso kuelekea gari. "Mwanangu najua alipo. Nilimshika miguu ikiwa ya baridi. Asiyejua ni hilo."

"Gari?"

"Kwetu, mwenye ng'ombe akifa, mtu anakwenda zizini kuwaambia. Anamshika nzagamba pembe, dume lile kubwa, anamwambia fulani amekufa. Usipowaambia wanamtafuta. Wanavunja zizi, wanakuja kulala kwenye kaburi. Ng'ombe wa Luhende tuliwaambia wote. Hili lilikuwa Nyalikungu. Nani alikumbuka? Halijaambiwa. Sasa linakuja kumtafuta. Nami siwezi kuondoka nikaliacha linakuja kwenye nyumba tupu."

"Mayu, hili ni chuma."

"Jembe nalo ni chuma, na linaujua mkono." Akainuka. "Ni anayekamua ndiye anayesema. Liambie."

Vijana, mnicheke sasa, hapa nawaruhusu. Mkristo wa kila Jumapili, mtunza stoo mstaafu, nimesimama mbele ya boneti katika barabara ya watu, naomba tu mchungaji wangu asipite na pikipiki yake. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto, na chini ya moto ule kitu kilikuwa kinatetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anapoguswa na nzi. Feni ya rejeta, nikajiambia. Kisha nikakumbuka feni haikuwa imewaka.

Nikasema kwa Kisukuma, maana Mayu alinikataza kutumia Kiswahili. Nikaanza kwa adabu, kama tunavyosema misibani. Nikasema, "Luhende ametutoka. Luhende amesafiri."

Fimbo ikapiga boneti karibu na vidole vyangu.

"Usiliambie amesafiri!" Mayu Nkwimba akainua fimbo tena. "Si ndivyo alivyoliambia yeye mwenyewe? Nasafiri, nitakuja kukuchukua? Ndiyo maana linasubiri! Liambie neno lenyewe!"

Alilijuaje neno aliloniambia Doto, sijui. Labda mwanawe aliwahi kumsimulia kwa simu. Sikumuuliza.

Nikasema, "Luhende amekufa. Amezikwa hapa nyuma ya nyumba. Hatakuja. Mimi ndiye ninayekuendesha."

Na jicho likafumba.

Fyuzi ilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati, niliigusa kuhakikisha. Kutu, nitawaambia, iliachia kwa mtikisiko wa barabara, au kwa fimbo ya bibi, na kifuniko kikashuka kwa uzito wake. Doto anakubaliana nami. Ila kitu kikishuka kwa uzito huanguka. Hiki kilishuka taratibu, kwa mwendo uleule wa mota, bila sauti ya mota, kikafunga mpaka mwisho.

Ngolo alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga.

"Limefumba?" akauliza Mayu Nkwimba, yule asiyeona.

"Limefumba, mayu."

Akaitikia kwa kichwa. Akainama, akapapasa bakuli, akayamwaga maji kwenye mizizi ya minyaa. "Ngolo, lete kiroba."

Nilimpeleka Bukundi mwenyewe, kesho yake, baada ya yeye kulala nyumbani kwangu na kubishana na Mama Limi kuhusu chumvi. Ndiyo safari ndefu kuliko zote maishani mwangu. Tumbo la gari lilikwaruza kila jiwe la Meatu, nikavunja kishikizo cha eksozi, nikakifunga kwa waya wa uzio niliopewa na wachungaji wa ng'ombe. Mayu Nkwimba alikaa mbele, mkono kwenye dashibodi, njia nzima. Tulipopita ule ua wake nilikaza usukani. Halikupunguza mwendo. Mvua zilipoanza, lile paa liliingia ndani lote, nilikwenda kuona. Kile kigoda kilikuwa chini yake, vipande vitatu.

Relei ilifika, nikaifunga, jicho sasa linafumbuka kwa swichi tu. Mayu yupo Bukundi, anakula vizuri, ananitumia salamu kwa Ngolo: "Muulize anayekamua, linaendeleaje?"

Linaendelea vizuri. Nalisalimia kwa sababu nilijitambulisha kwalo, na mtu uliyejitambulisha kwake humpiti kimya. Nasubiri kidogo kwa adabu tu. Mpaka sasa halijaitikia. Nasema mpaka sasa.

Ila nina ombi moja, ndiyo maana nimewakalisha hapa. Mwanangu Limi yuko mbali, na Mama Limi atakuwa na watu wengi wa kupokea. Siku mtakaposikia sikuamka, mmoja wenu aje, aweke kiganja hapa kwenye boneti, aseme jina langu na neno lenyewe. Msilete maneno ya msibani. Na msithubutu kuliambia nimesafiri. Miaka yote hii limeishi na mimi. Halitaamini.